Mdomo Mmoja Ndani ya Mtumbwi wa Pombe

Jumatatu, 1 Julai 1957

Spika nimeifuta vumbi kwa unyoya wa kuku kama kila asubuhi. Karatasi yake nzima. Sisimizi mmoja alikuwa anaitembelea, nimemponda kwa kidole gumba. Hakuna mdudu atakayenilia spika.

Ni moja tu. Duara la karatasi pana kama sahani ya uji, sumaku nzito nyuma yake, basi. Nilikuja nayo kutoka machimbo ya bati ya Kyerwa, nilipokuwa mtu wa mitambo. Mzungu wa mitambo alinipa mwenyewe, pamoja na mashine yake ya santuri yenye taa tatu za kukuza sauti, kwa sababu nilimtoa kinywani mwa mamba wa Kagera. Nilimtia mamba ngumi ya pua. Wanaobisha waende wakamtazame, mpaka leo anapumulia mdomo.

Mchana Bugene, kuchukua betri ya lori niliyoiacha ichajiwe kwenye mashine ya kusaga. Nikapita dukani kwa Ezekieli, mfanyabiashara aliyehamia hapa kutoka Muleba. Ameleta kabati kutoka Kampala. Refu kunizidi. Ndani spika tatu: kubwa chini ya sauti nene, ya kati, na kadogo juu ka sauti nyembamba. Akaweka sahani ya santuri, ya mwanamke anayeimba. Watu wakapiga vigelegele.

Mimi nikasikia mwanamke aliyechinjwa. Tumbo liko sakafuni, koo liko katikati, meno yako darini. Nikasema hivyo hivyo mbele ya watu. Mungu alimpa mtu mdomo mmoja. Spika yangu ukiifungulia, mwimbaji anasimama mahali pamoja chumbani, unaweza kumwonyesha pua kwa kidole.

Kabwogi, taniboi wa lori la Ezekieli, akacheka. "Ta Gervasi, hiyo yako ni ya kulelea vifaranga."

Nikampiga kofi. Jino likatoka. Akatema damu kwenye gunia la chumvi la tajiri wake. Ezekieli akanifukuza na fimbo ya kupimia vitambaa. Nimerudi Igurwa na betri kwenye baiskeli, nikiimba njia nzima. Siku nzuri.

Jumatano, 3 Julai

Si nzuri tena. Kaka yangu Leonsi anamwoza Anastazia, binti yake wa kwanza, Jumamosi ya tarehe ishirini. Bwana harusi ni wa Kimuli. Muziki amempa nani? Ezekieli! Mimi baba mdogo wa bibi harusi, mwenye spika, nakaa umbali wa kutupa jiwe, halafu kabati la Muleba ndilo linakuja kunguruma uani kwetu.

Nilikwenda kumuuliza. Alikuwa anakata majani makavu ya migomba, hakugeuka.

"Yako haina ngoma," akasema. "Ngoma kwako inalia kama debe. Watu watacheza nini?"

Nilitaka kumkaba. Mikono ilikwisha kuinuka. Nikakumbuka ni mkubwa wangu, tena ndiye mrithi wa marehemu baba, kibanja chote kiko mkononi mwake, hata migomba inayonilisha mimi. Nikaipeleka mikono kichwani, nikajikuna.

Jambo baya ni kwamba ana haki. Nusu haki. Sauti ya mtu, zeze, filimbi, kwangu hakuna wa kunifikia mpaka Uganda. Lakini ngoma kubwa inakosa kifua. Sasa nimeliandika na sitaliandika tena.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya misa nilikwenda kwa Mwalimu Yonathani, yule wa shule ya Walutheri. Ni mwenzangu wa ugonjwa huu. Yeye spika yake, ndogo kuliko yangu, ameipachika kwenye mdomo wa mtungi wa maji. Tulikaa tunasikiliza sahani moja tukiisogeza: mtungi ukutani, mtungi mlangoni, mtungi juu ya kitanda. Mke wake anatutazama kama wehu. Mwalimu anasema spika ya mdomo mmoja ni kama mwimbaji mwenyewe, shida yake si koo, shida ni nyumba anayoimbia. Mpe nyumba inayoitikia.

Nyumba inayoitikia. Nikarudi na neno hilo mdomoni kama kipande cha nyama.

Na nyumba ninayo! Mtumbwi wa pombe wa baba. Kwa Runyambo, lugha yetu, twauita obwato. Mti mmoja mkubwa uliochimbwa ndani, mrefu kama watu wawili wamelala. Ndizi za pombe zimekanyagwa humo tangu kabla sijazaliwa. Mbao zimekunywa rubisi miaka na miaka, zikauka, zikanywa tena. Ukiugonga kwa kiganja unaitika kama padri. Unakaa kwangu kwa sababu mimi niko karibu na maji.

Jumatatu, 8 Julai

Nimetoboa.

Tundu la duara kichwani mwa mtumbwi, juu ya mstari wa pombe. Juu, naandika tena, juu! Siku ya kukanyaga ndizi za harusi nitaliziba kwa gome la mgomba, hakuna tone litakalotoka. Nimepachika spika. Juu nimefunika kwa mbao za mlango wa zizi, nikapiga misumari.

Mke wangu Apolonia alisimama mlangoni ameshika kichwa. "Baba wee, mtumbwi wa mzee! Leonsi atakuua." Nikamwambia Leonsi atacheza mpaka suruali imdondoke.

Nikaunga waya. Nikaweka sahani ya ngoma.

Haki ya Mungu. Kifua kikaja. Kishindo kilitoka kwenye mbao, kikapita sakafuni, kikanipanda magotini. Na juu ya ngoma mwimbaji yuleyule mmoja, hakukatwa, hakuhama mahali. Mbuzi alikata kamba. Kuku akataga pale pale, yai halina ganda. Jirani wa ng'ambo ya kijito alikuja mbio na mkuki, alidhani ni vita. Nililia. Mwanamume wa umri wangu, nililia kama mjane.

Jumatano, 10 Julai

Ufa.

Umeanzia kwenye msumari wa tatu, umekwenda na mti mpaka katikati ya tumbo. Kidole kinaingia. Nasema ni jua. Kiangazi hiki kinapasua hata mawe. Nimemwambia Apolonia ni jua. Alikuwa anamenya ndizi, kisu kikawa kinakwenda haraka haraka.

Nimeujaza ufa nta ya nyuki. Nimemwaga maji kujaribu. Yametoka yote.

Jumapili, 14 Julai

Naandika kwa jicho moja.

Leonsi alikuja baada ya misa na vijana wa ukoo kuchukua mtumbwi. Ndizi zake ziko shimoni zinaiva, zilikuwa zikanyagwe Alhamisi. Aliuona. Alizunguka mara moja. Akapitisha kiganja kwenye ufa, taratibu, kama anavyopapasa ng'ombe mgonjwa. Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema tundu liko juu ya mstari wa pombe.

Akachukua mchi.

Pigo la kwanza begani. La pili sikioni. Sikioni! Mtu mwenye masikio kama yangu. La tatu nililidaka, nikamvuta, tukaanguka wote juu ya moto wa Apolonia, chungu cha maharage kikamwagika migongoni mwetu. Nikamng'ata bega. Akaniingiza kidole jichoni. Vijana wa ukoo wanatazama, hakuna aliyethubutu. Nilikuwa namshinda. Naandika ukweli, nilikuwa namshinda, ila moshi uliniingia.

Akainuka, damu inamtiririka kwenye kanzu ya kanisani. Sikutegemea alichofanya. Alikwenda ukutani, akachukua panga langu mwenyewe. Nikasema basi, ndiyo mwisho, Gervasi unakufa Jumapili. Hakuja kwangu. Alitoka nje.

Amefyeka migomba yangu.

Yote ya mbele ya nyumba, mmoja baada ya mwingine, pigo moja kila mgomba. Mikungu michanga imelala chini na maua yake. Apolonia alipiga yowe kama la msiba. Kwetu mtu akikufyekea migomba hajakuudhi, amekuzika. Akatupa panga.

"Harusini usije. Harusi ikiisha hama. Nenda ukakae na bati lako Kyerwa."

Utomvu unatiririka kwenye vishina. Nimekaa nao. Sikio langu la kushoto linavuma.

Jumatatu, 15 Julai

Sikio linavuma bado. Apolonia amefunga nguo zetu kwenye mikeka miwili.

Nilifikiri kuchoma nyumba ya Leonsi. Nilifikiri vizuri, kona gani, upepo unatoka wapi. Kisha nikakumbuka Anastazia analala kona hiyohiyo.

Mwalimu Yonathani alikuja na baiskeli kuniona. Nikamwambia nilipigwa na watu tisa. Akasema amesikia ni mmoja. Aligonga mtumbwi akasikiliza, akasahau kunipa pole. Nikampigia sahani. Alikaa amefumba macho mpaka mwisho.

"Kwa sauti hii," akasema, "hata mimi ningekubali kupigwa."

Ijumaa, 19 Julai

Leonsi ameazima mitumbwi midogo kwa watu, ametembeza aibu yetu Igurwa nzima. Rubisi ameipata. Naisikia harufu yake kutoka hapa.

Anastazia alikuja mchana, kwa kujificha nyuma ya miti ya kahawa. Akapiga magoti. "Shikamoo baba mdogo. Kesho wanawake wataniimbia wimbo wa kuniaga. Njoo usimame nyuma tu, baba hatakuona."

Nikasema sitakwenda. Akalia. Nikasema nitakwenda.

Jumapili, 21 Julai

Naandika ya jana.

Nilikwenda bila spika, bila fimbo, kanzu safi. Nilisimama nyuma ya ghala la kahawa kama mwizi nyumbani kwetu. Lori la Ezekieli lilikuwa uani, injini inawaka kulisha betri, kabati limesimama juu yake kama askofu. Linanguruma. Vijana wanacheza, sikatai. Wazee wameziba masikio. Mama mmoja mzee aliuliza kama mvua ya mawe inakuja.

Ukafika wakati wa kumuaga bibi harusi. Wanawake wakamzunguka Anastazia, shangazi yake akaanza kuimba. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka. Kabati limeimeza. Wakamwomba Ezekieli apunguze. Akacheka, akasema sauti ya Kampala haipunguzwi. Leonsi mwenyewe akaenda akamwomba, mwenye harusi, kwa mikono miwili. Nilimwona. Ezekieli akamgeuzia mgongo, akaongeza.

Nikaona Anastazia anatazama midomo ya shangazi yake, ajue angalau maneno.

Sijui nilifikaje pale. Nilipanda lori, nikashika nyaya zote tatu, nikazing'oa. Kimya. Kimya kile kilikuwa kizuri kuliko sahani yoyote.

Halafu Kabwogi. Alikuwa na hendeli ya lori, kile chuma cha kuwashia injini. Sikumwona, alikuwa upande wa sikio langu bovu. Nilimwona Leonsi tu, anakuja na uso ule wa Jumapili, nikasema huyu anamalizia kazi. Nikainua ngumi nimpige ya kwanza. Akanipita. Akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, na hendeli ikashuka.

Mfupa uliita. Nimesikia miti ikianguka, nimesikia baruti za machimbo. Sijasikia sauti kama ile. Mkono wa kaka yangu ulijikunja mahali pasipo na kiwiko.

Baada ya hapo watu walikuwa wanyama. Nilimshika Kabwogi shingo, nikampigiza kichwa kwenye madigadi ya lori mpaka macho yakageuka meupe. Watu saba niliwaangusha. Mwalimu anasema wawili, lakini Mwalimu alikuwa chini ya meza. Wakwe wa Kimuli nao waliingia, hawakujua upande wao, wakawa wanapiga tu. Mitungi ikavunjwa vichwani mwa watu. Mtu mmoja sikio limekatika nusu. Kabati lilivutwa chini, likakanyagwa. Jirani wa ng'ambo alilichoma mkuki kwenye spika kubwa, akauchomoa, akachoma tena, anapiga kelele kama ameua simba. Ezekieli alitambaa chini ya lori akilia jina la mama yake.

Uwanja wote damu na rubisi. Anastazia ameondoka kwenda Kimuli na tope kwenye gauni jeupe. Shangazi alimwimbia wimbo akitembea kando yake, njiani, hadi kijitoni.

Leonsi walimbeba kwenye machela mpaka hospitali ya misheni. Nilibeba upande mmoja. Hakunitazama. Mara moja tu machela ilipoyumba alisema, "Taratibu, mjinga."

Jumanne, 23 Julai

Barazani kwa gombolola, mtawala wa eneo letu. Kabwogi amehukumiwa viboko. Alichapwa mbele yetu, alilia, sikufurahi kama nilivyotarajia. Nami niliulizwa nina la kusema. Nilisema mengi. Walinikatiza kwenye habari ya mamba.

Kuhusu kibanja gombolola hakutia mkono. Mambo ya ndugu, akasema, mwenye kibanja ni Leonsi, asubiriwe apone aseme mwenyewe.

Mikeka bado imefungwa.

Jumatano, 14 Agosti

Nilikwenda kumwona Leonsi hospitali. Amelala ameugeukia ukuta. Nikaweka ndizi mbivu. Nikakaa. Nikamsimulia kwamba wakati wa vita niliwahi kuvunjika mikono yote miwili nikaendelea kupiga risasi kwa vidole vya miguu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka hadi akakohoa. Leonsi hakucheka. Nikaondoka.

Niliporudi nilipitia Bugene kwa Mwalimu. Ameniambia habari tamu ya kuua mtu. Kati ya spika tatu za Ezekieli ilipona moja, ile ya kati. Ameipachika peke yake kwenye sanduku la chai, anakaa nyuma ya duka anaisikiliza, na anawaambia watu kuwa sauti inafaa itoke mahali pamoja, eti amevumbua mwenyewe. Eti mwenyewe! Nilichukua baiskeli niende nikamvunje taya. Mwalimu akalala mbele ya gurudumu.

Nikarudi nyumbani. Ilikuwa afadhali.

Jumapili, 22 Septemba

Mvua imeanza, ya kwanza tangu kiangazi. Baada ya misa tulikaa ndani. Vishina vya migomba mbele ya mlango vimeoza, vyeusi.

Niliweka sahani ya yule mwanamke. Chini chini, mvua na yeye. Nta imeshika kwenye ufa, sauti haivuji. Sikio la kushoto halijarudi na nadhani halitarudi. Nimegundua nikikaa mbele ya mtumbwi simpotezi hata hivyo. Yuko pale pale.

Leonsi akaingia. Ametoka hospitali Ijumaa. Mkono umefungwa kifuani kwa vijiti, mwembamba kama wa mtoto. Amelowa. Apolonia akampigia magoti, akampa kigoda. Akakaa. Sikujua nizime au niache, nikaacha.

Alikaa akitazama mtumbwi wa baba. Mbao za mlango wa zizi juu yake, misumari, tundu. Nilingoja aseme tarehe ya kuhama. Mke wangu alikuwa ametazama mikeka.

Wimbo ukafika pale katikati, kabla ya ubeti wa mwisho. Leonsi akainua kichwa.

"Huyu mwanamke ana mafua," akasema. "Sikia anavyovuta pumzi."

Ni kweli. Ana mafua. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, sikumwambia mtu.

Sahani ikaisha. Akanyanyuka, akaenda mlangoni, akasimama akitazama vishina na maji yanayotiririka kati yake.

"Chimba mashimo," akasema. "Machipukizi utachukua kwangu, upande wa chini, ya ndizi za kupika. Ya pombe utaongeza baadaye. Mimi mkono huu haushiki jembe."

Nikasema ndiyo, kaka.

Akatoka na mvua yake. Apolonia akaanza kufungua mikeka. Nami nikachukua jembe. Udongo umelainika, unaingilika bila nguvu.